Kwa Nini Alipita Getini

Tandika, Dar es Salaam

Kwako Mama yangu, Dabani,

Kabla ya yote nataka kujua umeamkaje, na sitaki lile jibu lako la "mimi mzima tu" unalompa kila mtu hata ukiwa umelala na homa. Goti limeisikia dawa? Mihogo ya bondeni imesimama, au nguruwe wa jirani wameimaliza tena? Mimi huku ni mzima, namshukuru Mungu. Nimenenepa kidogo. Mama mwenye nyumba wangu akipika wali wa nazi hunipakulia sahani, na wewe hukunifundisha kukataa chakula cha mtu.

Najua utashangaa kuona barua badala ya simu. Jambo nililo nalo si la simu. Wewe simu unaiweka spika, unaishika mbali na sikio kama kaa la moto, na anasikia kila aliyemo nyumbani pamoja na anayepita njiani na baiskeli yake. Kwa hiyo nimeandika, tena kwa herufi kubwa ili miwani isikusumbue, na nimempa dereva wa lori anayekwenda Kampala kwa kupitia Namanga na Busia. Isome mwenyewe. Usimpe Nabwire akusomee, ingawa najua mdogo wangu huyo atakuzunguka na kikombe cha chai mpaka ajue kuna nini. Ukimaliza utaamua mwenyewe kama naye aijue.

Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kilichokuoza. Wewe ulitoka Nagongera na Kidhopadhola chako, Baba alikuwa Msamia wa hapo Dabani, mkakutana sokoni hamna lugha nyingine ya kubishania bei ya mtama. Kiswahili hicho hicho mlichotulea nacho, huku wananicheka nacho. Siku za kwanza nilisema "kitabu yangu" mbele ya watu, wakakaa nayo wiki nzima. Nikisema natoka Uganda wanauliza, "Mganda gani anajua Kiswahili?" Nikikiongea wananiambia sikijui. Sasa nimezoea, na shikamoo naitoa hata kwa mtu ambaye simwoni vizuri, maana huku ukiikosa unaonekana hukulelewa, na mimi nililelewa.

Sasa sikiliza, Mama. Katika tamthilia yetu kuna tukio moja ambalo haliwezi kurekodiwa mpaka wewe useme ndiyo au hapana. Jibu lako linaweza kuamua kama nitabaki kwenye meza ya waandishi au nitarudi kuvuta nyaya za taa. Lakini nakuomba usijibu kwa kuihurumia kazi yangu. Soma kwanza mpaka mwisho.

Unajua jinsi nilivyofika huku. Hawa watu walipokuja Busia kupiga picha za malori, mimi nikiwa bado mwalimu kule Kiyeyi na shule zimefungwa, waliniajiri niwaonyeshe njia. Wakanipenda, wakaniita. Miaka miwili nimebeba nyaya na viti. Kisha mwandishi mmoja akaondoka ghafla kwenda kuoa Mwanza, na Bi Mwanaidi, yule mama anayewaongoza waandishi, akasema, "Mpeni Wandera kiti chake. Hadithi ni ya mpakani na yeye ndiye mtu wa mpakani tuliye naye." Nikapewa miezi mitatu ya kujaribiwa. Huu ndio mwezi wa mwisho.

Nikikueleza kazi yenyewe utacheka. Unakumbuka Jumapili mchana tulipokuwa tunakwenda kuangalia runinga kwa Mama Taaka? Wenzako walikuwa wanamwogopa adui, wewe ulikuwa unamgombeza. "Huyu ameua mtu, halafu narudi pale pale kuchukua kofia? Kofia ya nini? Yeye hapana kofia ingine?" Nyumba nzima ilikuwa inakufa kwa kicheko, na Mama Taaka ananuna kwa sababu alitaka kuogopa kwa raha zake. Basi ndiyo kazi yangu, Mama. Nakaa mezani na watu wazima kwa saa nane nzima tunauliza kwa nini adui amerudia kofia. Tofauti ni kwamba mimi nalipwa na wewe ulifukuzwa.

Adui wetu ni mwanamke. Anaitwa Zamda, na ni mkubwa wa watu wa magendo wanaovusha mifuko ya plastiki, zile kavera zetu, kuingiza Kenya. Steringi ni askari kijana anayemtafuta tangu sehemu ya kwanza. Yule mwandishi wa Mwanza alituachia tukio ambalo Zamda anapita getini yeye mwenyewe, mchana kweupe, mzigo ameufunga mwilini, mbele ya askari huyo huyo. Hakuacha hata mstari mmoja wa kueleza kwa nini.

Kassim, mkurugenzi wetu, alilisoma akalitupa mezani. Ni mtu mzuri lakini ana mdomo.

"Hii haiingii akilini," alisema. "Ana watu kumi wa kuwatuma. Njia za porini anazijua zote. Halafu anajipeleka getini mwenyewe? Jamani, adui mjinga hamtishi mtu. Mtazamaji akishagundua kwamba adui anafanya ujinga ili hadithi isogee, anabonyeza rimoti, anakwenda zake kuangalia mpira."

Nikamwambia tukio lile linawezekana.

"Kila kitu kinawezekana, kaka. Mimi nauliza lina akili?"

"Lina akili."

"Haya. Kwa nini alipita getini?"

Nikasema wanipe mpaka kesho. Kassim akasema kesho ndiyo mwisho, la sivyo tukio linafutwa, na kwamba mtu wa mpakani asiyeweza kuwaelezea mpaka hana sababu ya kukalia kiti. Alisema kama mzaha lakini hakucheka, na mimi pia sikucheka.

Nilirudi chumbani nikakaa kitandani na viatu. Si kwamba sikuwa na jibu. Jibu nilikuwa nalo tangu nikiwa na miaka ishirini. Sikuwa na ruhusa nalo.

Mama, hapa keti kama umesimama. Nilijua. Nilijua kuhusu kavera, nilijua kuhusu geti, na siku ile nilikuwepo na nilikuona.

Ulikuwa mwaka ule Kenya walipopiga marufuku mifuko, na Baba ametuacha hata mwaka haujaisha. Siku ya maziko yake ulinishika mkono pale kaburini na kuniambia, mbele ya ndugu zake wote, maneno ambayo sijayasahau: "Wandera, wewe nakwenda chuo. Kama mimi naona wewe kwa njia ya panya, hata siku moja, jua mimi nilizaa bure." Nikaitikia. Ulipofika wakati wa kurudi chuoni nikakwambia kwamba hakijafunguliwa, na kwamba nakwenda Nagongera kumwendeshea Mjomba Othieno pikipiki yake. Nawe ukaniambia unakwenda Kenya kuuza mukene, ambao huku wanawaita dagaa. Kila mmoja akamwamini mwenzake, au tulijifanya.

Pikipiki ya Mjomba ilikuwa kwangu kweli, ila Nagongera haikuwepo. Kazi yangu ilikuwa kukaa juu yake pale njia ya panya inapoingia kwenye matete, nikiona askari nipige mluzi. Tulikuwa wawili, mimi na kijana mmoja anaitwa Ouma. Nilikuwa nimeamua kuacha chuo moja kwa moja. Ualimu niliuona ni kazi ya watu wenye baba.

Ilikuwa kama saa nne asubuhi. Ouma amenipa mgongo anakula hindi la kuchoma. Nikainua macho nikaona gauni la gomesi la kijani linakuja kandokando ya mihogo, na beseni kichwani. Gomesi naijua, nilikuwepo Baba alipoinunua. Mwili ndio sikuujua. Wewe ni mwembamba, Mama, na siku ile ulikuwa mnene kuanzia kiunoni mpaka magotini. Mtu aliyekaa njia ile wiki mbili hahitaji kuambiwa kuna nini ndani.

Ukaniona. Ukasimama. Nikainama haraka kwenye cheni ya pikipiki kana kwamba sikuona kitu.

"Cheni nafanya nini?" Ouma akauliza.

"Imelegea."

Akaitazama. "Hii hapana legea."

Nilipoinua kichwa hukuwepo. Nilifurahi, nikadhani umerudi nyumbani. Kisha nikakumbuka kwamba hukuweza kurudi, na nikajua umekwenda wapi, maana kutoka pale kuna barabara moja tu nyingine.

Mambo haya niliwaeleza akina Kassim kesho yake mezani, ila nilisema "mwanamke mmoja wa kwetu". Nilianza na jinsi kazi ile inavyofanywa, kwa kuwa hawakuijua. Niliwaambia kwamba wanawake wa kavera hufungana mizigo katika nyumba moja. Mmoja anatangulia, na anayetangulia ni mkubwa wao, kwa sababu asiyethubutu kutangulia hawezi kuwatuma wenzake. Akifika ng'ambo anabipu, nao wanatoka. Asipobipu wanajua amekamatwa, wanafungua mizigo yote na kuitumbukiza chooni, kila mtu anarudi kwake mikono mitupu. Na aliyetangulia haruhusiwi kurudi katika nyumba ile akiwa bado amejifunga, hata iweje, maana huenda anafuatwa na atawaletea askari mlangoni.

Na mkubwa wao ulikuwa wewe, Mama. Mpaka leo kule kanisani wanadhani wewe ni mtu wa kufuata wengine.

Kassim alikuwa ameacha kuchezea kalamu. "Sawa," akasema. "Sasa najua kwa nini ni yeye na kwa nini harudi. Hiyo ni nzuri. Bado sijaliona geti. Njia ya porini ipo wazi, hakuna askari."

"Kuna mtu mwingine," nikasema.

"Nani?"

"Mwanawe."

Nikawaambia habari ya kaburini. Nikawaambia kwamba mwanamke aliyemwapia mwanawe mbele ya kaburi la baba yake hawezi kupita mbele ya mwana huyo akiwa amefunga kavera kiunoni. Askari wakimkamata atafungwa, na kufungwa kuna mwisho. Mwanawe akimwona, basi. Kijana atasema, "Kama mama anafanya, mimi nani nisifanye?" na hatarudi chuoni tena, na safari zote za mama za kumlipia chuo hicho hicho zitakuwa kazi bure. Kwa hiyo kwake yeye njia ya hatari haikuwa ile ya getini. Ya getini ndiyo iliyokuwa na nafuu.

Kijana mmoja akataka kucheka, Bi Mwanaidi akamtazama, akaacha. Kisha Bi Mwanaidi akasema taratibu, "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Endelea, Wandera. Anapitaje?"

Nikawaeleza ulivyopita. Nilikuwa nimekufuata, Mama. Nilimwachia Ouma njia, nikaja na pikipiki mpaka penye foleni ya malori, nikasimama nyuma ya lori la saruji. Ulikuwa unaimba. Ulikuja katikati ya watu, beseni la mukene kichwani, unaimba wimbo wa kwaya kwa sauti ile ya juu unayoitumia Pasaka, watu wanakugeukia wanatabasamu. Kassim aliposikia hivyo akaruka: "Anaimba? Mbele ya askari? Si ndiyo kujitangaza?" Nikamwambia, bosi, plastiki ikifungwa mwilini inalia. Ukitembea inatoa mchakacho. Asiyeimba anasikika.

Akaandika. Yule mtu haandiki kitu katika mikutano, lakini hapo aliandika.

Halafu askari mmoja, mwanamke, akakuita. Akasema uteremshe beseni aone. Mimi nyuma ya lori nikashika taa ya pikipiki kwa mikono yote miwili, kwa sababu nilijua kwamba umefungwa mpaka magotini na huwezi kuchuchumaa. Ukichuchumaa zinapasuka au zinachungulia. Nilikuwa tayari nimeanza kutembea, Mama. Sijui ningefanya nini kama ningefika, labda ningesema mzigo ni wangu. Nilipiga hatua tatu. Ndipo nikakusikia, sauti yako haitetemeki hata kidogo:

"Afande, hii goti yangu leo nakataa kabisa. Saidia mama yako."

Na yule binti akaliteremsha beseni mwenyewe, akakoroga samaki kwa kidole, akalipandisha tena kichwani pako na kukutengenezea kata chini yake vizuri lisianguke. Ukambariki. Ukaendelea kuimba. Goti ulilolisingizia siku ile sasa linakuuma kweli, na nikilifikiria siwezi kuacha kucheka. Mungu naye ana utani wake.

Ng'ambo ya pili ulisimama kwenye kivuli cha kibanda, ukatoa simu kifuani ukabipu. Halafu ukaketi kwenye jiwe, ukajifuta uso kwa mshipi wa gomesi, ukakaa pale muda mrefu. Nilitaka kuja. Sikuja, maana ungejua kwamba nimeona, na safari nzima ingekuwa haina maana.

Nilipomaliza kusimulia, Kassim alivuta pumzi akasema, "Huyu adui sasa namwogopa. Si kwa ubaya wake. Namwogopa kwa sababu hana kitakachomzuia." Akampa Bi Mwanaidi ile karatasi ya tukio, akaniambia niliandike upya, tutalirekodi Alhamisi, na kiti ni changu. Watu wakanipigia makofi. Mama, ningetamani ungeyasikia yale makofi, kwa kuwa yalikuwa yako.

Nami nikaharibu. Nikasema sitaliandika mpaka mwenyewe akubali.

"Mwenyewe nani?" Kassim akauliza.

"Mwanamke huyo. Yupo, yu hai, na anaangalia runinga."

"Tukibadilisha jina?"

"Jina si tatizo. Kwetu watamjua kwa mwendo."

Alinitazama kana kwamba nimelewa. "Wandera, majaribio yako yanaisha wiki hii. Umeshinda. Sasa unaweka kiti chako rehani kwa ajili ya mtu ambaye hata hatajua? Si wewe uliyetufundisha sasa hivi kwamba mtu hajitii hatarini mpaka kuwe na kingine anachokiogopa zaidi? Wewe unaogopa nini?"

Nikasema, "Namwogopa mama yangu."

Wakacheka kwanza. Kisha Bi Mwanaidi akaelewa, nikamwona usoni, naye akawaambia waliobaki waende wakale. Tulipokuwa wawili hakuniuliza kitu. Akasema tu kwamba atawashawishi warekodi sehemu za hospitali kwanza, na kwamba kwa njia hiyo nina wiki tatu, si zaidi. Baada ya hapo wataandika tukio lingine, na atakayeliandika huenda asiwe mimi. Alipofika mlangoni akageuka akasema, "Mwandikie. Usimpigie. Simu haina haya." Mimi nilikuwa nimeshaamua hivyo, lakini nilifurahi kuambiwa.

Kwa hiyo nakuuliza, Mama, kama nilivyopaswa kukuuliza kabla ya kufungua mdomo mbele ya wale watu. Nilifungua kwa hofu ya kupoteza kiti, na kwa hilo nakuomba msamaha. Je, nikuandike?

Ninavyoweza kubadilisha nitabadilisha. Mukene inaweza kuwa maparachichi. Gomesi inaweza kuwa khanga, hata huku ndiyo wanayoijua. Wenzako sitawataja, hata kwa umbo. Najua sasa wewe ni kiongozi wa akina mama kanisani, na kwamba Mama Mchungaji ana masikio mapana. Najua kwamba uliacha kazi ile siku nilipopata cheti, hukuirudia hata mara moja, na hukupenda izungumzwe. Kitu kimoja tu siwezi kukibadilisha, nacho ni mwana kukaa kwenye njia. Nikimwondoa huyo, mwanamke anakuwa mjinga, na mimi sitamwandika mwanamke yule kama mjinga hata wakinipa viti vyote vya Dar es Salaam.

Ukisema hapana, ni hapana. Sitakuuliza mara ya pili wala sitakuwa na kinyongo. Nyaya nazijua, na mtu aliyewahi kukalia kiti hafi akirudi kusimama. Ukisema ndiyo, nitakusomea kila mstari kwenye simu kabla hawajaurekodi, ila siku hiyo tafadhali utoe spika. Mpe jibu dereva huyu huyu akirudi, au mwambie Nabwire anitumie neno moja tu, naye hatajua linahusu nini, na atateseka, na itamfaa.

Nisalimie Nabwire mwenyewe, mwambie kitambaa alichoniomba nimekiona, cha zambarau kimeisha, kuna cha rangi ya maji ya bahari. Msalimie Mjomba Othieno wa Nagongera, mwenye pikipiki, ambaye alinifichia uongo wangu wiki zile zote na hajawahi kunikumbusha. Bibi kule Kiyeyi, mama yake Baba mdogo, mwambie wale wanafunzi wangu wa darasa la nne wananiandikia na wananisumbua kama zamani. Na Mama Taaka mwenye runinga, mwombe msamaha kwa niaba yangu kwa kofia zote ulizomharibia.

Nimejaribu kufunga barua hapo juu na nimeshindwa, kwa sababu limebaki moja.

Jumatatu iliyofuata baada ya siku ile ya geti, nilirudi nyumbani nikakwambia kwamba chuo kimefunguliwa, nikafunga sanduku, nikaenda. Ulifurahi mpaka ukalia. Baadaye nilisikia kwamba ulikuwa umefunga siku tatu kuniombea, na kwamba ulichukua jogoo ukampeleka kanisani kutoa shukrani, ukasimama mbele ya watu ukasema Mungu amemgeuza mwanangu. Nilikuacha uamini hivyo miaka yote hii. Mungu alimstahili jogoo wake, sisemi hapana, na huenda ndiye aliyeniinua macho kutoka kwenye ile cheni. Lakini mimi nilirudi chuoni kwa sababu nilimwona mwanamke akipita katikati ya askari huku anaimba, ili mimi nisimwone. Niliona, Mama. Niliona yote, na kila nilichokuwa tangu siku hiyo kimetoka pale. Asante.

Ni mimi mwanao uliyemzaa, na si bure,

Wandera